Kiswahili Angani: Kumbukumbu na Usahaulifu katika Mfululizo wa Star Trek (1966–1969)

Mfululizo wa runinga wa Star Trek, ulioasisiwa na Gene Roddenberry na kuonyeshwa nchini Marekani na shirika la NBC kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi tarehe 3 Juni 1969, una vipindi 79. Msemaji wa Kiswahili anapoutaja, aghalabu huutaja kwa fahari, kwa sababu afisa wa mawasiliano wa chombo Enterprise, Luteni Uhura, ana jina lililotokana na neno uhuru. Fahari hiyo ina msingi, ila haiwezi kuchukua nafasi ya uhakiki. Makala haya yanadai kwamba mfululizo huu, ukitazamwa upya kipindi baada ya kipindi, unadhihirisha kuwa Kiswahili kimepewa nafasi katika nafsi ya Uhura lakini kikanyimwa nafasi katika kazi yake.

Kwa mujibu wa masimulizi ya Nichelle Nichols, mwigizaji wa Uhura, alipokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1962 na inayoihusu Kenya. Irabu ya mwisho ilibadilishwa ili jina lisikike laini zaidi. Badiliko hilo halitokani na mantiki ya Kiswahili, lugha isiyobainisha jinsia kwa irabu ya mwisho. Hivyo basi, neno hili lilirekebishwa kwa ajili ya sikio la mwingine hata kabla ya kuingia chomboni.

Mpangilio wa utazamaji nao una athari. Vipindi havikurushwa hewani kwa utaratibu wa utayarishaji. “Where No Man Has Gone Before”, kilichotayarishwa mwaka 1965, kilionyeshwa cha tatu, na Uhura hamo. Anayefuata utaratibu wa utayarishaji huianza safari pasipo Uhura. Anayefuata utaratibu wa kurushwa hewani humkuta siku ya kwanza, katika “The Man Trap”, na humo ndimo anamosemeshwa Kiswahili.

Mapema katika kipindi hicho Uhura anamwambia Spock kwamba amechoshwa na istilahi za kazi yake, kisha anamtaka amsimulie jioni za sayari yake mwezi unapopevuka. Spock anajibu kwamba sayari yake haina mwezi. Mazungumzo haya huweza kupita kama mzaha, lakini ndiyo yanayoandaa tukio la baadaye. Kiumbe kinachoua watu kwa kuwanyonya chumvi ya mwilini, chenye uwezo wa kujivika sura inayosadifu mawazo ya windo lake, kinamjia Uhura kwa umbo la mwanamume mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Mjuzi wa ngano atalitambua zimwi hili: ndilo lile linalojigeuza kijana mtanashati ili limpose binti. Upweke ambao Kiingereza cha kazini hakikuuondoa unatulizwa na lugha ya nyumbani, ila mwenye kuitamka ni adui.

Katika “The Changeling”, kilichoonyeshwa tarehe 29 Septemba 1967, hali inageuka. Mtambo uitwao Nomad unamsikia Uhura akiimba, unashindwa kuuelewa wimbo, unamchunguza na kufuta maarifa yake yote. Muuguzi Chapel anaanza kumfundisha kusoma upya kwa sentensi za watoto wadogo. Uhura anapotatizika, Kiswahili kinamtoka, na Chapel anamrudisha kwenye Kiingereza. Hapa pana mkinzano ambao kipindi hakiushughulikii. Ikiwa maarifa yote yamefutwa, Kiswahili kimetoka wapi? Jibu linalodokezwa ni kwamba Kiingereza ni elimu, na elimu hufutika. Kiswahili ni maumbile, nayo hayafutiki. Dhana hiyo inakienzi Kiswahili na kukidunisha kwa wakati mmoja: inakifanya kisichoangamizika, lakini inakiondoa katika orodha ya mambo yanayohitaji kufunzwa, kufikiriwa na kufanyiwa kazi.

Daktari McCoy anaahidi kwamba Uhura atarejea kazini katika muda wa juma moja. Juma moja baadaye, tarehe 6 Oktoba 1967, “Mirror, Mirror” kinamwonyesha akiwa mzima na jasiri, bila neno lolote kuhusu yaliyompata. Yaweza kujibiwa kwamba huo ndio muundo wa vipindi vinavyojitegemea, na kwamba hata Sungura hunaswa katika ngano moja akawa huru katika nyingine. Hoja hiyo ni sahihi kuhusu fani. Hata hivyo, Sungura hafundishwi lugha upya mbele ya hadhira. Kipindi kinapofunga jeraha la namna hiyo kwa ahadi ya daktari, kazi ya kukumbuka humwangukia mtazamaji.

Kwa hiyo, utazamaji wa mfuatano ni mbinu ya uhakiki. Ndio unaoviweka vipindi hivi viwili ubavuni mwa kimoja na kingine, na kuonyesha kwamba katika vyote Kiswahili hujitokeza pale tu akili ya Uhura inapovamiwa, na zimwi au na mtambo. Uhura ndiye anayeketi kwenye kituo cha mawasiliano cha chombo kizima, lakini katika matukio hayo mawili Kiswahili hakimsaidii kupeleka wala kupokea ujumbe wowote wa kazi.