Dozi ya Pili ya Nini?

Mliokuwepo kwenye kile kikao cha asubuhi, katika hospitali moja ya ukanda wetu, picha ya kifua mliiona. Tundu juu kulia, ukuta mnene, ndani yake donge, na juu ya donge hilali ya hewa. Mgonjwa, mkazi wa huku kwetu Mtendeni, alishamaliza dozi ya TB akaandikwa amepona. Sasa anakohoa mwezi wa tano, makohozi yana damu, nguo zinampwaya. GeneXpert ya TB hasi, ikarudiwa, hasi. Uamuzi: aanzishwe tena miezi sita ya TB.

Kwa lipi? Picha ya zamani ilikuwemo kwenye bahasha, tundu likiwa tupu, na hakuna aliyeitoa kulinganisha. Hakuna aliyemlaza mgonjwa ubavu apigwe picha nyingine, kuona kama donge linahama. GeneXpert hutafuta TB tu; ikisema haipo, wenzetu husikia “imejificha”.

Na dozi hiyo haikuwa ya kupoteza muda tu. Rifampisini iliyomo ndani yake huifanya itrakonazoli, dawa ya fangasi, iishe mwilini kabla haijafanya kazi. Kwa hiyo hata daktari wa zamu akistuka mwezi ujao kuwa donge hili ni fangasi Aspergillus, dawa atakayoandika haitafika kiwango. Tumemfungia mgonjwa mlango kwa mkono wetu.



Nimelipigia kelele jambo hili tangu enzi za sindano za streptomaisini. Ile dozi ya kurudia ya miezi minane, ambayo Shirika la Afya Duniani lilisema 2017 isitumike tena, ilituzoesha kwamba aliyewahi kuugua TB akikohoa, ni TB. Jirani zetu Uganda walishalipima hili. Utafiti wa Gulu uliochapishwa 2019 uliwafuatilia watu waliotibiwa TB: kati ya waliobaki na tundu, asilimia 6.5 kwa mwaka walipata aspergilosisi sugu. Wasio na tundu, 0.2.

Wazee walikuwa na udadisi. Samuel Darling, Panama, 1905, alipasua maiti iliyoonekana kabisa kuwa ya TB, akaweka tishu chini ya hadubini, akakuta histoplazma, fangasi mwingine. Aliidhania protozoa, sawa, lakini alitazama! Ajello na Manson-Bahr nao, 1960, waliripoti fangasi huyo kutoka mapango ya Amboni, Tanga. Sisi hadubini tunayo, na tone la potashi kwenye makohozi limetushinda.

Kingamwili za Aspergillus hupimwa kwa damu kidogo. Pasipo na kipimo hicho, donge lile, miezi mitano ya kikohozi na TB iliyokataa mara mbili vilitosha kuotesha makohozi na kuandika rufaa siku ileile, kabla kidonge cha kwanza cha rifampisini hakijatoka dirishani.