“Sawa” Iliyorudisha Upepo

Kazi ya kutoa upepo kwenye breki za pikapu yangu, Hilux ya zamani ya gia za mkono, iliharibiwa na neno moja. Mpwa wangu alikuwa juu kwenye pedali. Mimi nilikuwa chini, nimelala ubavu kwenye gurudumu la nyuma kushoto, spana namba 10 mkononi, mpira mwembamba umetoka kwenye nati ya kutolea upepo na kuingia kwenye chupa ya maji.

“Kanyaga!”

“Nimekanyaga, mjomba.”

Nikalegeza nati robo mzunguko. Mafuta yakatoka meusi kama chai iliyolala, yakifuatwa na viputo. Nikasema “sawa”, maana yangu nimeviona. Yeye akaelewa “sawa, achia”, akaachia. Nati ilikuwa bado wazi, na chupa nilikuwa nimeshaiangusha kwa kiwiko, mdomo wa mpira uko hewani. Pedali ikirudi juu, masta (pampu ya juu inayosukumwa na pedali) huvuta, na haichagui inachovuta. Tulichokitoa kwa nusu saa kikarudi kwa sekunde moja.

Tukakubaliana upya maneno matatu tu: kanyaga, shikilia, achia, na kila moja alirudie kwa sauti kabla sijagusa spana. “Sawa” tukaipiga marufuku. Nati ifungwe kwanza, ndipo mguu uondoke.

Tulianza nyuma kushoto kwa sababu masta iko mbele kulia, upande wa dereva, na gurudumu lililo mbali zaidi ndilo hutangulia. Baada ya hapo nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Chini ya pedali niliweka kipande cha ubao ili isizame hadi sakafuni: masta iliyozeeka ina kutu sehemu ambayo vipira vyake havifiki kila siku, na ukivisukuma huko vinachanika. Wengi hununua masta mpya baada ya kutoa upepo na kulaumu mafuta.

Mafuta yenyewe nilibadilisha yote. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu, na kiwango cha chini kwa yaliyokwisha kunyonya ni nyuzi 140. Kwa anayeshuka mlima Kitonga na mzigo, tofauti hiyo si ya kwenye makaratasi. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa: unakanyaga, pedali inakwenda, gari haisimami.

Breki zikawa ngumu. Tukahamia kutoa upepo kwenye klachi kwa njia ileile, nayo ikagoma.

Hapa ndipo nilipojifunza kitu. Pampu ya chini ya klachi iko pembeni ya gia boksi, chini kabisa, na bomba lake linapanda hadi masta ya klachi. Hewa asili yake ni kupanda. Sisi tulikuwa tunailazimisha ishuke bomba zima ndipo itokee kwenye nati, na kila mpwa wangu alipopampu haraka haraka, alikuwa anaivunja kuwa povu. Pedali ikawa inabaki sakafuni, anainyanyua kwa vidole vya mguu.

Nikamwambia ashuke, asiguse pedali kabisa. Nikafunga nati, nikachomoa pampu ya chini kwenye boliti zake bila kufungua bomba, kisha nikasukuma kijiti chake ndani polepole kwa kidole gumba, nikakiachia polepole vilevile. Pedali ikiwa juu, njia ya kwenda kwenye kitangi cha mafuta ya klachi iko wazi, kwa hiyo hewa ilikuwa na pa kutokea. Kijiti kisiachiwe kiruke, kitatoka na kipira chake na utalala gereji.

Mara ya nne, mpwa wangu aliyekuwa ameinamia boneti akaita: “Mjomba, kimetoka kikubwa!” Viputo viwili vidogo vikafuata. Nikarudisha pampu, nikaongeza mafuta, nikawasha gari. Rivasi ikaingia bila kulia.