Sifa Zinapoficha Maandishi: Helen Keller na Wasifiaji Wake

Wahenga walisema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika kisa cha Helen Keller (1880–1968), mwandishi wa Marekani aliyepoteza uwezo wa kuona na kusikia akiwa na umri wa miezi 19, waliolitia tembo maji ni wasifiaji wenyewe. Makala haya yanadai kuwa sifa alizomiminiwa zimetuzuia kumsoma kama mwandishi.

Kitovu cha sifa hizo ni tukio la 1887 huko Tuscumbia, Alabama, ambapo mwalimu wake, Anne Sullivan, alimwandikia neno "maji" kiganjani huku maji ya pampu yakiutiririkia mkono wake wa pili. Katika tawasifu yake, The Story of My Life (1903), tukio hilo ni sehemu fupi ya sura ya nne. Katika tamthilia ya William Gibson, The Miracle Worker, iliyoigizwa Broadway mwaka 1959, ndilo kilele. Pazia linapofungwa, Keller ni mtoto wa miaka 6. Vitabu vyake vyote vimebaki nje ya jukwaa.

Vitabu hivyo vinazua suala zito: nani ana haki ya kutumia neno? Mwaka 1933 Thomas Cutsforth, msomi kipofu, aliikosoa elimu iliyomzoesha Keller msamiati wa nuru na rangi asizozihisi. Hata hivyo, Keller alikuwa ameitetea haki hiyo mapema katika The World I Live In (1908), kitabu kinachoichunguza dunia kwa mguso, harufu na mtetemo. Hoja yake ina mashiko. Mshairi wa bara ambaye hajaiona bahari hutaja wimbi na ngalawa, wala hatumshitaki kwa uongo. Lugha ni urithi wa jamii kabla ya kuwa tajriba ya mtu binafsi.

Aidha, Keller alijiunga na Chama cha Kisoshalisti mwaka 1909. Katika insha za Out of the Dark (1913) anauhusisha upofu na umaskini pamoja na hatari za viwandani. Mhariri wa gazeti aliyewahi kumsifu sasa alidai kuwa makosa yake yalitokana na ulemavu wake. Hapa ndipo sifa inapojifichua: ilikuwa huruma tangu awali, nayo ilimtaka anyamaze.

Wasifiaji hulifumbia macho jambo jingine pia. Mwaka 1915, katika jarida la The New Republic, Keller aliunga mkono uamuzi wa daktari aliyemwacha mtoto mchanga mwenye ulemavu afe. Msimamo huo unatisha, hasa ukitoka kwake. Lakini malaika hahojiwi, mwandishi huhojiwa. Kumheshimu Keller, basi, ni kumsoma hadi pale tunapolazimika kumpinga.