Mihadhara 20,000 Haikustahili Kufungiwa

Tarehe 1 Machi 2017 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitangaza kwamba kuanzia tarehe 15 mwezi huo kitaanza kuondoa hadharani rekodi zaidi ya 20,000 za mihadhara, za video na za sauti, na kuzihamishia mahali pasipoingilika bila nywila ya chuo. Kila ninapokaa na walimu wenzangu wa kompyuta na mazungumzo yakafika kwenye 61A, kozi ya programu ya Berkeley, husikia utetezi uleule: watu wawili walilalamika, serikali ikakibana chuo, chuo hakikuwa na jinsi. Kilikuwa na jinsi. Kilikuwa nazo kadhaa, kikachukua ile mbaya kuliko zote.

Sina ugomvi na waliorekodi. Huduma ile ya kurekodi mihadhara ilianza mwaka 2001, mwaka 2007 ikawa miongoni mwa za kwanza kuweka kozi nzima za chuo kikuu YouTube. Sauti ilisikika, ubao ulionekana, mwalimu aliachwa afundishe.

Ugomvi wangu ni na uamuzi, na uamuzi lazima uanzie kwenye barua ya tarehe 30 Agosti 2016. Wizara ya Sheria ya Marekani iliiandikia Berkeley baada ya kuchunguza malalamiko ya wafanyakazi wawili wa Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi kilichopo Washington. Matokeo ya uchunguzi yalikuwa wazi: video nyingi hazikuwa na manukuu, au zilikuwa na manukuu ya mashine yenye makosa, na baadhi ya nyaraka hazikusomeka kwa programu za wasioona. Sheria ya mwaka 1990 ya haki za Wamarekani wenye ulemavu, ile ADA, inakibana chuo cha umma kwa kila kinachokitoa kwa umma, hata kama ni bure. Wizara ikataka makosa yarekebishwe, utaratibu uwekwe, na walioathirika wafidiwe. Haikuamuru hata faili moja liondolewe. Wanaosema serikali ndiyo iliyofunga mihadhara hawajaisoma barua, au wameisoma wakaamua kumtupia lawama kiziwi.

Chuo kilijibu kwamba gharama ni kubwa mno. Kisha likaja tangazo la Machi, na ndani yake sababu nyingine zikaongezwa. Mojawapo ilikuwa kwamba kuweka rekodi ndani ya uzio wa nywila kutalinda haki za wahadhiri dhidi ya maharamia wanaojipatia faida kwa kazi zao. Hapo ndipo nilipoacha kuuamini utetezi mzima. Kama tatizo ni kiziwi kukosa maneno, maharamia wameingiaje? Tena rekodi zile zilitolewa kwa leseni ya Creative Commons inayokataza kuuza. Aliyezigeuza biashara alikuwa anavunja leseni, na dawa ya mvunja leseni ni kumbana yeye, si kumnyima mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu aliyekuwa anajisomea usiku.

Tuangalie kazi yenyewe iliyosemekana haiwezekani. Mliotazama 61A ya Brian Harvey mnakumbuka alivyofundisha orodha kwa lugha ya programu ya Scheme: `cons` inaunganisha, `car` inatoa cha kwanza, `cdr` inatoa kilichobaki. `Cdr` hutamkwa kitu kama "kuda". Manukuu ya mashine, ambayo YouTube iliyaanzisha mwaka 2009, hayajui Scheme. Nimeshaona mashine ikiandika `could her` pale mwalimu aliposema `cdr`, na `car` ikageuka gari katika sentensi iliyokuwa na maana kamili. Anayesikia hucheka akaendelea, kwa sababu sikio lake limeshamrekebishia. Kiziwi ana maandishi yale tu. Anasoma kwamba mwalimu wa programu anazungumzia gari na mwanamke fulani, na mhadhara umekwisha kwake dakika ya kumi na nne.

Kurekebisha kunafanywaje? Faili la manukuu la aina ya SRT ni maandishi matupu, linafunguka hata kwa Notepad. Kila kipande kina mambo matatu: namba, muda wa kuanza na kuisha, na maneno.

212
00:14:07,200 --> 00:14:10,900
cdr inarudisha orodha bila kipengele cha kwanza

Basi. Nyakati zimeshapangwa na mashine; mtu anasikiliza, anafuta upuuzi, anaandika kilichosemwa. Ni kazi ya uvumilivu. Mhadhara wa saa moja kwa mwendo wa kawaida wa kuongea una maneno elfu nane au tisa, na kwangu mimi, ambaye kuandika manukuu ndio uraibu wangu baada ya kazi, mhadhara mmoja huchukua jioni kadhaa. Kuzidisha hilo mara 20,000 kunatisha, nakubali. Lakini hakuna aliyelazimika kuzidisha kwa siku moja. Kozi zinazotazamwa zaidi zingeanza, zile za sauti za mwaka 2006 zisizofunguliwa na mtu zingesubiri, na ratiba ingepelekwa Wizarani ijadiliwe. Hivyo ndivyo tunavyowafundisha wanafunzi wetu kuushughulikia mfumo wa zamani wenye kasoro: unapanga kwa uzito, unaanza na kinachoumiza wengi. Hatuwafundishi kuzima seva.

Na hapa ndipo pananiuma zaidi, kwa sababu chombo kilikuwepo. Mwaka 2017 YouTube ilikuwa na sehemu ya mwenye chaneli kuruhusu watazamaji wachangie manukuu: unaandika, wengine wanakagua, mwenye chaneli anapitisha. Nje ya YouTube palikuwa na Amara, iliyoanza 2010 kwa kazi hiyohiyo. Dunia nzima ilikuwa imejaa watu waliofundishwa na rekodi zile na wasiodaiwa chochote. Je, Wizara ingeridhika na kazi ya kujitolea? Pengine ingetaka chuo kikague na kuwajibika, na ingekuwa sahihi. Ila kukagua ni sehemu ndogo ya gharama ukilinganisha na kuandika. Berkeley haikuwaomba watazamaji wake. Chuo chenye idara ya kompyuta ya hadhi ile, mahali ulipotengenezwa mfumo endeshi wa BSD, kilisahau kwamba kazi kubwa za fani yetu zilijengwa na watu waliotumiana marekebisho.

Kosa lenyewe lilikuwa limeanza zamani, kwenye leseni, na wanaonisoma wanajua kwamba hili sitaliacha. Berkeley ilichagua masharti matatu: mtaje mwenye kazi, usiuze, usibadilishe. Sharti la tatu ndilo sumu. Tafsiri ni mabadiliko. Kwa leseni ile, mwalimu wa Morogoro aliyetaka kuutoa mhadhara ule ukiwa na manukuu ya Kiswahili alikuwa anavunja sheria, hata kama angeugawa bure. MIT kwenye OpenCourseWare, mradi wake wa kozi za bure mtandaoni, iliweka masharti tofauti: mtaje, usiuze, na ukibadilisha utoe kwa masharti hayahaya. Tofauti ya herufi mbili kwenye jina la leseni, ND na SA, ndiyo tofauti kati ya maktaba unayoruhusiwa kuchungulia na maktaba unayoruhusiwa kuchangia. Ukishawazoesha watu kwamba mhadhara haugusiki, siku unapohitaji mikono yao hawapo.

Ndiyo maana nikimkumbuka Charles Vest, rais wa MIT aliyetangaza OpenCourseWare Aprili 2001 wakati vyuo vingine vikipiga hesabu za kuuza kozi mtandaoni, nasikitika kwamba wa aina yake hawakuwepo mezani Berkeley. MIT na Harvard zilishtakiwa na chama cha kitaifa cha viziwi Februari 2015, kwa jambo hilihili la manukuu. Zilibishana mahakamani, na kwa hilo sizisifii. Lakini MIT haikuifungia OpenCourseWare. Harvard ilifikia makubaliano Novemba 2019, MIT Februari 2020, zote zikakubali kuandika manukuu. Katika miaka yote hiyo ya kesi, Gilbert Strang na ubao wake wa aljebra ya matriki, uliorekodiwa 1999, aliendelea kupatikana kwa yeyote mwenye bando. Vivyo hivyo Abelson na Sussman wa MIT, waliofundisha wafanyakazi wa Hewlett-Packard mwaka 1986, picha imefifia kama kanda ya harusi ya enzi hizo, na bado sijaona mhadhara wa programu unaozidi ule. Saa nzima, chaki, swali kutoka nyuma ya darasa, mwalimu anafikiri mbele yako kabla ya kujibu. Tangu ulipotoka utafiti wa 2014 wa data za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ulioonyesha watazamaji huchoka baada ya dakika sita, kila chuo kinakata somo vipande kama nyama ya mishikaki na kuita hivyo ubunifu. Harvey hakukata. Alimaliza wazo lake.

Matokeo ya uamuzi ule yanajieleza. Rekodi zilipokuwa zinaondolewa, kampuni ya LBRY ilitangaza kwamba imeshanakili mihadhara 20,000 na kuiweka kwenye mtandao wake. Huku kwetu waliokuwa na akili walishapakua mapema, na mafaili yakawa yanazunguka kwenye flashi na diski za nje kutoka hosteli moja hadi nyingine. Anayesikia, kwa hiyo, hakupoteza sana. Alihangaika kidogo akapata nakala. Kiziwi alipata nini? Nakala zile hazikuwa na manukuu mapya. Kuhamishia rekodi ndani ya nywila hakukuongeza neno hata moja chini ya picha. Malalamiko yalikuwa kwamba mlango ni mwembamba kwa baadhi ya watu, na chuo kikaufunga kwa wote. Kibaya zaidi, kiliwaachia viziwi lawama ya kufungwa kwake.

Nimefundisha kijana kiziwi aliyekaa mstari wa mbele na mkalimani wake wa lugha ya alama. Tulipofika kwenye rikashoni mkalimani alikwama, kwa sababu hakuwa na alama ya neno hilo na hakujua Scheme. Kilichomwokoa kijana kilikuwa faili la manukuu la mhadhara wa MIT lililoandikwa na mtu anayejua anachosikia. Alilisoma bila video kwanza, akarudia akiwa na video, siku iliyofuata akaja na suluhisho la minara ya Hanoi linalofanya kazi. Wenzangu waliomo kwenye ACM, chama cha wanakompyuta, wanazijua kanuni za maadili zilizotolewa upya 2018. Kifungu cha 1.4 kinasema kushindwa kubuni kitu kikafikika na wote kunaweza kuwa ubaguzi. Wengi tunalipa ada na kuweka uanachama kwenye wasifu. Tungeanzia hapo kukosoa Berkeley, badala ya kuihurumia kwa gharama.

Novemba 2022 Berkeley ilifikia makubaliano na Wizara ileile ya Sheria, chini ya usimamizi wa mahakama, kwamba ndani ya miaka mitatu na nusu itayafanya maudhui yake ya mtandaoni, kozi na video zikiwemo, yafikike na watu wenye ulemavu. Ndiyo kazi iliyoombwa Agosti 2016. Tofauti ni kwamba tarehe 28 Septemba 2020 YouTube iliiondoa sehemu ya watazamaji kuchangia manukuu, kwa hiyo walimu na wanafunzi ambao mwaka 2017 wangeifanya kazi hiyo bure hawakuwa tena na pa kuifanyia kwenye chaneli yenyewe.