Kitambuzi cha Mlangoni na Simu ya Mhamasishaji

Nchini Uingereza, kuanzia 2013, jaribio la ATTILA liligawa watu 495 wenye dimensia, waliokuwa bado wakiishi majumbani, katika makundi mawili kwa kura. Kundi moja lilifungiwa vifaa kamili, vikiwemo vitambuzi vya mwendo. La pili lilipewa vya msingi tu. Matokeo yalichapishwa 2021: baada ya miaka miwili, hapakuwa na ushahidi kwamba vifaa vile viliwachelewesha wazee kupelekwa kwenye makao ya kulelewa. Mara nyingi kilichofungwa hakikulingana na alichoonekana mzee kuhitaji alipotathminiwa. Tena dimensia haitulii. Anayevaa kengele ya dharura shingoni mwaka huu, mwakani huivua akiuliza ni ya nani.

Sasa fikiria Nyansiongo, Borabu, katika Kaunti ya Nyamira nchini Kenya. Boma limezungukwa na majani chai, mlango u wazi tangu alfajiri, watu wanaingia na kutoka. Kitambuzi cha mlangoni kingelia kutwa, na wiki ya pili mtu angekichomoa.

Teknolojia iliyodumu huku ni simu. Mzee aliyezoea M-Pesa miaka yote akianza kukosea nambari ya siri, au akidai hajalipwa pesa za chai alizozitoa juzi, wa kwanza kugundua ni mjukuu anayemshikia simu. Dalili hiyo ikipuuzwa, hatari ni kubwa. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Ugonjwa wao, kama ulikuwepo, siwezi kuusemea. Lakini bibi anayepotea njia usiku katika jamii yenye hofu hiyo anahitaji kutambuliwa mapema kama mgonjwa.

Njia ipo. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 simujanja na mikoba yenye vipimo vya presha na sukari, maradhi mawili yanayoongeza hatari ya dimensia. Programu ya simu hizo, eCHIS, husajili kaya hata bila mtandao, kisha hutuma taarifa mtandao ukirudi. Katika Kaunti ya Makueni wamekwisha kuonyesha kwamba wahudumu wa jamii wanaweza kuwachuja wazee wa miaka 60 na zaidi kwa maswali mafupi ya kutambua dalili za dimensia. Maswali hayo yaingizwe kwenye simu, yaulizwe tena kila baada ya miezi sita, aulizwe mzee na jamaa yake pia, majibu yalinganishwe.

Kazi hiyo yote inamtegemea mhamasishaji arudi bomani. Posho yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya kaunti, nusu ya serikali kuu. Nyamira ianzie hapo: imlipe kwa wakati, imnunulie bando.