Darubini ya Bunduki Hupimwa kwa Utii Wake

Mnunuzi wa darubini ya bunduki ya shabaha huanza na kioo. Huitoa nje ya duka, hutazama mti wa mbali, husifu mwanga na rangi, kisha hulipa. Kioo kizuri kina thamani yake, lakini kazi kuu ya darubini ni kutii. Mlengaji akizungusha kirungu cha kurekebishia kwa vidato 10, alama ya msalaba isogee vidato 10 kamili, na akivirudisha, irudi palepale ilipotoka. Utii huo hauonekani kwa kutazama mti. Ni lazima upimwe, na kuupima hakuhitaji maabara.

Kilichomo ndani

Ndani ya bomba la darubini ya kisasa mna mrija mwembamba wenye lenzi. Skrubu ya kirungu huusukuma kutoka upande mmoja, na springi huubana kutoka upande wa pili. Darubini za shabaha za Marekani za zamani, kama za Unertl na Lyman, zilikuwa na virungu nje, na bomba zima ndilo lililosogezwa. Vishikizo vyake viwili vikiwa vimeachana kwa inchi 7.2, bomba lilihitaji kusogea nusu tu ya sehemu moja ya elfu ya inchi ili lengo lihame kwa robo dakika ya pembe. Kwa vipimo vidogo namna hiyo, uzi wa skrubu uliochongwa vibaya au springi iliyolegea hutosha kuharibu kila kitu.

Jua kipimo kabla ya kulaumu

Dakika ya pembe ni sehemu ya 60 ya digrii. Kwa yadi 100 ni sawa na inchi 1.047. Wapo wanaoihesabu kuwa inchi 1 kamili, na zipo darubini zilizotengenezwa kwa hesabu hiyo. Ukizungusha dakika 30, hesabu hizo mbili hutofautiana kwa inchi 1.4, na darubini nzima inaweza kuhukumiwa bure. Miliradiani ni rahisi zaidi: kwa mita 100, miliradiani 1 ni sentimita 10, na kidato cha 0.1 ni sentimita 1. Mifano inayofuata inatumia kipimo hicho.

Mtenge mlengaji na chombo

Wengi hupima kwa kupiga risasi peke yake, na hapo hujidanganya. Bunduki nzuri inayotawanya risasi zake kwa upana wa sentimita 3 kwa mita 100 inaweza kuficha kosa la darubini au kuizushia kosa isilokuwa nalo. Kwa hiyo anza bila risasi. Ifunge darubini kwenye jiliwa imara au kitako kizito cha chuma kilichoshikizwa mezani. Usikaze pete kupita kiasi, kwa kuwa pete zinazobana bomba zinaweza kuuzuia mrija wa ndani kutembea.

Weka ubao wenye urefu unaozidi mita 1, uchore mstari kwa kufuata timazi, na utie alama kila sentimita 10. Pima umbali kwa utepe, kutoka darubini hadi ubao. Ukikosea mita 1 katika 100, umeshaingiza kosa la asilimia 1 ambalo si la darubini. Kisha rekebisha paralaksi, mpaka ukisogeza jicho kidogo msalaba usielee juu ya ubao.

Jaribio la kupanda

Lenga msalaba kwenye alama ya juu kabisa. Zungusha kirungu cha kupandisha miliradiani 10. Utaona msalaba ukishuka ubaoni, na ndivyo inavyopaswa: mstari wa macho ukishuka, mtutu ndio utakaoinuliwa. Simama kila baada ya miliradiani 2 uandike ulipofika. Mwishoni msalaba uwe umeshuka mita 1. Ukishuka sentimita 98, darubini inapunja asilimia 2.

Asilimia 2 si kitu kidogo. Katika mashindano ya kulenga shabaha ya F-Class ya Marekani, duara la pointi 10 kwa yadi 1,000 lina upana wa inchi 10. Mlengaji aliyepandisha miliradiani 10 kwa darubini hiyo atapiga zaidi ya inchi 7 chini ya alikokusudia, nje ya duara. Risasi za kujaribia humwezesha kusahihisha, na ndiyo maana wengi hukaa na darubini mbovu kwa muda mrefu bila kujua. Asiye na risasi za kujaribia, au anayehama umbali mara kwa mara, hana kinga hiyo.

Angalia pia kama msalaba unaufuata mstari wa timazi. Ikiwa uzi wake wa wima ulilingana na mstari mwanzoni lakini kitovu kinauacha kadiri unavyozungusha, msalaba na kirungu havikubaliani. Mwinamo wa digrii 2 tu, katika kupanda miliradiani 10, hupeleka risasi sentimita 35 kando kwa mita 1,000.

Jaribio la kurudi

Rudisha kirungu sifuri. Msalaba uangukie alama ileile ulipoanzia. Rudia mara nyingi, na ubadili namna: pandisha kidogo, pandisha sana, zungusha polepole, zungusha haraka. Kisha ifikie alama moja ukitokea chini, halafu ukitokea juu. Msalaba ukisimama mahali pawili tofauti, kuna ulegevu kati ya skrubu na mrija.

Malizia kwa mraba. Panda, nenda kulia, shuka, rudi kushoto, mpaka ufike ulipoanzia. Pembe za mraba ndizo zinazofichua springi dhaifu, maana hapo mrija umesukumwa na virungu viwili kwa pamoja. Usiogope kukaribia ukomo wa virungu, kwa sababu springi iliyochoka huonekana huko kwanza.

Sasa risasi

Jiliwa halina mshtuko wa bunduki. Darubini iliyofaulu hapo ifungwe kwenye bunduki, uipeleke uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, na upige makundi ya risasi 5: kundi kwenye sifuri, kundi baada ya kupandisha, kundi baada ya kurudi. Pima kitovu cha kila kundi, usihukumu kwa tundu moja. Baada ya hapo irudishe kwenye jiliwa na urudie vipimo vyote. Tofauti yoyote mpya imeletwa na mshtuko.

Hukumu

Darubini inayokosea chini ya asilimia 1 na kurudi kila mara ni chombo cha kuaminika. Inayopunja asilimia 2 kwa uthabiti, kila mara na kwa urefu wote wa kirungu, bado inafaa: ni kama mizani ya sokoni ambayo mwenyewe anajua inapunja kiasi gani. Zidisha kila rekebisho kwa 1.02. Programu nyingi za kukokotoa mwendo wa risasi zina nafasi ya kuingiza namba hiyo.

Inayorudi leo hapa na kesho pale haina hesabu ya kuiponya. Usiihurumie kwa sababu ya jina la kiwanda, bei yake au uzuri wa kioo. Kosa lisilobadilika lina dawa. Kosa linalobadilika halina. Irudishe ulikoinunua pamoja na karatasi ya vipimo vyako, ili muuzaji aone kosa lenyewe kwa namba.