Sababu na Udhuru: Dhima ya Kijana Mraibu katika Riwaya ya Kiswahili

Kiswahili kina hukumu mbili juu ya kijana aliyepotoka. Ya kwanza ni kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ya pili ni kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Methali ya kwanza humfikisha mzazi kizimbani, ya pili humfikisha kijana mwenyewe. Uhakiki wa riwaya zinazohusu ulevi na anasa una mazoea ya kushika hukumu moja na kuiacha nyingine. Makala haya yanashikilia kwamba riwaya iliyokomaa huzibeba zote mbili, na kwamba uzito wake wa kimaadili umo katika mvutano huo.

Mfano ulio wazi ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1971. Zakaria ni mlevi ambaye pombe imemla pamoja na riziki ya nyumba yake. Hata hivyo, ni yeye anayemwadhibu bintiye kikatili kwa ajili ya barua ya mvulana. Rosa anakulia Ukerewe chini ya ulinzi usiokuwa na mafunzo. Anapofika chuoni Morogoro, mbali na fimbo ya baba, hana kinga yoyote ndani ya nafsi yake. Usomaji uliozoeleka huishia hapa: baba ndiye chanzo, binti ni mhanga.

Usomaji huo una ukweli, lakini haujitoshelezi. Uraibu wa Rosa si wa kileo hasa bali wa anasa. Hata hivyo una sura ileile ya ulevi wa baba yake: tendo hurudiwa, na madhara yake hayatoshi kulikomesha. Lililo muhimu zaidi ni kwamba Rosa anafikia hatua ya kujirekebisha. Mtu asiyekuwa na hiari hawezi kutubu. Kwa kumpa Rosa uwezo wa kugeuka, Kezilahabi anakiri kwamba hata katika kuanguka kwake palikuwa na nafasi ya kuchagua, ingawa nafasi hiyo ilikuwa finyu. Malezi ni sababu ya maisha yake. Si udhuru wake.

Lakini mwandishi haishii kwenye lawama. Rosa aliyegeuka anakataliwa na Charles kwa ajili ya maisha aliyokwisha kuyaacha, na baada ya hapo anajiua. Hapa ndipo riwaya inapotoa shutuma yake kali kuliko zote. Jamii humdai kijana awajibike, na anapowajibika humnyima malipo ya kuwajibika kwake. Ndiyo maana baba na binti wanapokutana mbele ya Mungu mwishoni mwa kitabu, mashtaka ya Rosa dhidi ya Zakaria hayamalizi kesi. Msomaji naye anajikuta miongoni mwa washtakiwa.

Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2014) inalikabili suala hili kutoka upande mwingine. Dick anaingizwa katika ulanguzi wa dawa za kulevya akiwa mtoto asiye na mtetezi. Si mraibu, bali ni kiungo katika mnyororo unaowazalisha waraibu. Anapopata upenyo anauacha ulanguzi na kuanza biashara halali. Dhamira ni njema, na tofauti baina ya aliyelazimishwa na aliyeridhia imechorwa kwa uangalifu. Udhaifu uko katika wepesi wa ukombozi wenyewe. Msomaji anaelezwa kwamba Dick ameacha, lakini haonyeshwi kwa kina mapambano ya kila siku ya kuacha. Aidha, vijana walioharibiwa na bidhaa aliyoibeba hawapewi nafasi ya kumdai neno. Matei anaijalia toba ya mhusika wake makaribisho ambayo Kezilahabi aliyanyima. Lakini kwa kuwa gharama ya toba hiyo haionekani, makaribisho hayo yanakuwa zawadi zaidi kuliko haki.

Suala hili si la vitabuni tu. Heroini imekuwapo katika miji ya pwani ya Kenya tangu miaka ya 1980, na tiba ya methadoni ilianza kutolewa Mathari mwaka 2014 na Malindi mwaka 2015. Tiba hiyo imejengwa juu ya dhana mbili ambazo methali zetu zimezitenga: kwamba mraibu ni mgonjwa anayestahili kuhudumiwa, na kwamba ni mtu mwenye hiari ambaye lazima aje mwenyewe, siku baada ya siku, kunywa dawa yake. Aliyepokonywa dhima amepokonywa pia uwezo wa kupona.

Swali la mtihani linalomtaka mwanafunzi aeleze “nani wa kulaumiwa” katika riwaya kama hizi kwa hiyo ni swali pungufu. Humfundisha kutafuta mkosaji mmoja na kuufunga mjadala. Swali lenye manufaa ni hili: mhusika alikuwa na nafasi gani ya kuchagua, nani aliibana nafasi hiyo, na alipochagua vyema, nani alikuwapo kumpokea? Katika Rosa Mistika jibu la sehemu ya mwisho ni kwamba hakuwapo mtu.